Mvivu, Mgonjwa, au Dawa? Mjadala wa Magogoni

Hoja iliyo mezani ni hii. Kijana ana skizofrenia. Ametibiwa, sauti zilizokuwa zikimsema zimetulia, hagombani na mtu, hazururi usiku. Lakini anashinda kitandani, haogi mpaka asukumwe, akiulizwa anajibu neno moja, na ukimtazama usoni huwezi kujua kama timu yake jana ilishinda au ilifungwa. Huyu ana nini? Na wataalamu wanapokaa kuyagawa katika mafungu mambo hayo anayoyakosa na kuyapa majina, yeye anapata faida gani?

Wanaojadili nimewabuni, ila maneno kama yao si mageni kwa yeyote aliyewahi kumsindikiza ndugu yake kliniki ya akili. Nimewaketisha Magogoni, upande wa Feri, kwa sababu mama wa kijana anakaanga samaki pale na hawezi kuliacha karai. Mjomba ametoka Kariakoo, ana duka la vitenge Mtaa wa Kongo. Wapo daktari wa magonjwa ya akili na sista wa kliniki, ambao wanaheshimiana bila kukubaliana. Kijana naye yupo, kwenye benchi la pembeni. Sikumpangia zamu, akitaka kusema atasema.

MJOMBA: Nianze mimi, maana nina mzigo wa kupokea. Mpwa wangu nampenda. Alipokuwa anaumwa nilimwelewa. Alisema wenye maduka wa Kongo wanamtangaza kwenye spika zao, akatembea usiku peke yake hadi Jangwani. Ule ugonjwa hata mtoto angeuona. Sasa amepata dawa, spika zimezimwa, anakula sahani mbili. Anaumwa nini? Mtu wa miaka ishirini na sita anaamka saa saba mchana! Mtu wa hivyo kwetu ana jina, wala halihitaji daktari.

MAMA: Kaka, usianze.

DAKTARI: Mwache aseme, mama. Hata sisi madaktari tulizunguka sana kabla ya kulielewa hili. Mjerumani Emil Kraepelin, mwishoni mwa karne ya 19, aliuona ugonjwa huu kama kulegea kwa utashi na kupoa kwa hisia. Eugen Bleuler wa Zürich, aliyeupa jina la skizofrenia mwaka 1908 na kuuandikia kitabu mwaka 1911, alikwenda mbali zaidi: alisema kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo ni mambo ya ziada, kiini kiko kwingine. Kisha mwaka 1952 ikaja klopromazini. Dawa ile ilizima sauti, na sisi sote tukageukia kule dawa ilikofanya kazi. Kimya tukakisahau.

MJOMBA: Kwa hiyo mzungu wa mwaka 1911 alishamjua mpwa wangu.

DAKTARI: Alimjua, ila hakumpanga vizuri. Mwaka 1980 Mwingereza Timothy Crow akaugawa ugonjwa mara mbili: aina ya kwanza ni ya sauti na imani zisizo za kweli, nayo hukubali dawa; aina ya pili ni ya upungufu, na haikubali. Muda si mrefu Nancy Andreasen, huko Iowa nchini Marekani, akatunga kipimo cha kwanza kamili cha upungufu huo. Ndio tunaouita dalili hasi: si kitu kilichoongezeka kwa mtu, ni kile kilichokuwepo kikapungua. Mwaka 2005 wataalamu walikutana Marekani wakakubaliana mafungu matano. Uso na sauti kupoa. Maneno kupungua. Kujitenga na watu. Kukosa raha. Na kukosa msukumo, yaani kushindwa kuanza jambo na kulifikisha mwisho.

MAMA: Hapo umemtaja mwanangu.

SISTA: Dokta, samahani, hapo nakukatisha. Umemtaja pia kila mtu niliyewahi kumchoma sindano ya mwezi.

Hapa mjadala ulipata moto, na ni haki yake. Wanaoandika juu ya dalili hasi wakiwa mbali na chumba cha sindano huliweka jambo hili kwenye aya ya mwisho. Sista ameliweka mwanzo.

SISTA: Haloperido na flufenazini tunazitumia kwa sababu zinafanya kazi na zinapatikana. Lakini zikizidi, mtu anakakamaa. Hatua fupi, mikono haichezi akitembea, uso hauna habari, mate yanamtoka. Ukimpima siku hiyo utaandika uso umepoa, maneno machache, hana msukumo. Kumbe ni dawa! Ukipunguza dozi, au ukimpa benzeksoli, baada ya muda unamwona mtu mwingine. Mgonjwa wa pili hatoki nje kwa sababu bado anaogopa. Sauti hazijaisha, ameacha tu kuzisema, maana akizisema anaongezewa dozi. Wa tatu ana sonona, na hakuna aliyemuuliza kama anatamani kufa. Wa nne anavuta bangi kutwa. Wote wanne tunawaandikia mstari mmoja. Ukiingia chumbani ukawasha taa isiwake, hupandi kwenye meza kubadili balbu. Kwanza unachungulia kama umeme wa luku umeisha.

DAKTARI: Umeisema hoja ya William Carpenter na wenzake wa Maryland, mwaka 1988. Walitenganisha upungufu wa asili, unaotokana na ugonjwa wenyewe, na upungufu wa kuletwa, unaotokana na dawa, woga, sonona au upweke. Na wakaweka masharti: usiseme ni wa asili mpaka uone angalau dalili mbili kati ya sita, zimedumu mwaka mzima, na umeshaziondoa hizo sababu nyingine.

MJOMBA: Wa hivyo ni wangapi?

DAKTARI: Kwa walioumwa muda mrefu, kama robo. Kwa wanaougua mara ya kwanza ni wachache zaidi.

MJOMBA: Kwa hiyo robo tatu tunaweza kuwafungulia umeme.

DAKTARI: Ndiyo hatari ninayoiogopa. Sista ana haki, lakini mimi nawajua pia waliosikia hoja hii nusu. Ndugu anaamua mwenyewe kwamba kinachomzubaisha mtoto ni dawa, anaificha sindano, na baada ya miezi mitatu spika za Kongo zinawaka tena. Kupunguza dozi ni kazi ya kufanyia kliniki, kwa tarehe na kwa macho. Na kuna wale ambao utapunguza dozi, utatibu sonona, utamtoa bangi, na bado atakaa kimya. Huyo naye msimwahidi kwamba kuna luku mahali.

MAMA: Sasa dokta, nyie mnampimaje? Maana hapa pwani kijana akiwa mbele ya wakubwa akatulia, akajibu kwa ufupi, akainamisha macho, tunasema amelelewa.

DAKTARI: Kipimo kinachotumika sana duniani kilitoka New York mwaka 1987. Kina vipengele 30; saba ni vya dalili hasi. Kimojawapo kinapima kama mtu anaweza kufikiri juu ya mambo yasiyoshikika. Tunamuuliza maana ya methali.

MJOMBA: Methali ipi?

SISTA: Mimi huuliza "Haraka haraka haina baraka."

MJOMBA: Hiyo anaisoma nyuma ya daladala kila siku, atakujibu kwa kukariri. Na ukimpa "Mwacha mbachao kwa msala upitao", nusu ya wauza simu wa Kariakoo watafeli hapohapo, na wanapiga pesa.

DAKTARI: Na wataalamu wenyewe walikuja kukubali kwamba kipengele kile hakikuwa mahali pake, kinapima akili inavyochakata mambo, si upungufu wa hisia. Vipimo vilivyotungwa baadaye, kimoja cha mwaka 2011 na kingine cha mwaka 2013, vyenye vipengele 13 kila kimoja, vimeziacha methali. Vimeongeza jambo ambalo naona ni kubwa kuliko yote: vinauliza mtu anafanya nini, kisha, kando na hilo, ndani yake anataka nini.

MAMA: Hamuulizi alikuwaje kabla?

DAKTARI: Inatupasa.

MAMA: Basi andika. Kabla ya kuumwa huyu alikuwa dalali wa mnada hapahapa Feri. Akiinadi ndoo ya dagaa, aliye juu ya pantoni anasikia. Msimpime na mtoto wa sheikh, wala na mtoto wa mzungu. Mpimeni na yeye.

Sijui daktari aliandika nini, kwa kuwa sikumpa kalamu. Lakini maneno ya mama yanakigusa kipimo pale kinapoumia. Mizani iliyotungwa Iowa inauliza juu ya marafiki, mapenzi, kazi na burudani, kana kwamba mtu hana marafiki kwa kuwa hawataki. Dar es Salaam mtu anaweza kukosa marafiki kwa sababu walimwona siku aliyovua nguo barabarani, na kukosa kazi kwa sababu hiyohiyo. Ukimhesabia hayo kama dalili, umeuchukua woga wa mtaa ukaupachika kwenye ubongo wake.

KIJANA: Naweza kusema?

MAMA: Sema, mwanangu.

KIJANA: Mpira wa jana niliufurahia.

MJOMBA: Hukuonesha hata kidogo.

KIJANA: Nilifurahi wakati naangalia. Shida ni kabla. Mtu akiniambia twende tukaangalie mpira, huko mbele sioni raha yoyote. Naona kuvaa, naona kutembea, naona watu wananiangalia, naona kurudi. Nikishafika ni sawa. Kufika ndiyo kazi.

DAKTARI: Mwaka 2007 David Gard na wenzake huko Marekani walichapisha jambo hilohilo. Watu wenye skizofrenia walipoulizwa raha ya jambo wanalolifanya, majibu yao hayakupishana sana na ya watu wengine. Kilichokuwa chini ni raha ya kukitazamia kitu ambacho hakijafika.

KIJANA: Na sindano, dokta. Wiki ya kwanza mdomo unakuwa mzito. Nikitaka kucheka, uso unachelewa. Wiki ya nne nina nafuu.

SISTA: Na kliniki unakuja wiki ya nne. Sisi tunakuona siku ambayo dawa inaelekea kwisha.

KIJANA: Ndiyo. Na spika bado zipo. Si kila siku. Kongo siendi kwa sababu hiyo.

MJOMBA: Wewe! Mbona hukusema?

KIJANA: Ulisema mimi mvivu.

SISTA: Na kutokuongea je, mdogo wangu? Nako ni woga?

KIJANA: Hapana. Hapo hakuna sababu. Maneno hayaji. Sijayaficha.

Tuhesabu. Kwa kijana mmoja kuna uso uliogandishwa na dawa, njia iliyofungwa na woga, safari zinazoshindikana kwa kuwa raha haionekani kabla ya kufika, na uchache wa maneno ambao, kwa sasa, hauna maelezo zaidi ya ugonjwa wenyewe. Kwa mjomba yote yalikuwa uvivu. Kwenye faili, nadhani, yote yangekuwa dalili hasi. Mimi naona uainishaji una kazi kubwa hapa, lakini si ule unaoanza na majina matano. Unaanza na chanzo, na chanzo hakipatikani mpaka mgonjwa aulizwe kwa muda unaotosha kumfikisha kwenye sentensi ya pili. Kliniki ikiwa na foleni mpaka getini, sentensi ya pili ndiyo inayokatwa.

MJOMBA: Haya, nimekubali si mvivu. Basi tumpeleke mahali pa kazi. Nasikia Lutindi wanalima.

DAKTARI: Lutindi iko milimani, Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani walipaanzisha mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa hospitali ya akili. Kazi za mikono na shamba zilikuwa sehemu ya tiba tangu zamani. Baada ya Uhuru serikali nayo ilianzisha vijiji vya kulima kwa ajili ya wagonjwa, Hombolo kule Dodoma, na Vikuruti hapa Dar chini ya Muhimbili.

MAMA: Mwanangu hajawahi kushika jembe. Mkimpeleka huko akikaa kimya mtasema ugonjwa, kumbe anaikumbuka bahari.

SISTA: Mama, umeyasema ya John Wing na George Brown bila kuyasoma. Hao walifuatilia wagonjwa wa hospitali tatu za Uingereza miaka ya 1960. Pale ambapo mgonjwa hakuwa na kitu chake mwenyewe, hana la kufanya, anakaa saa nyingi bila chochote, upungufu ulikuwa mkubwa zaidi. Siku zilipojazwa, baadhi walipata nafuu. Kitanda chenyewe kinazidisha ugonjwa, kiwe cha hospitali au cha nyumbani. Kwa hiyo kazi ni sawa. Ila iwe kazi anayoijua na mahali anapopamudu.

MJOMBA: Na tukimsema ili aamke? Sisi tulisemwa tukaamka.

SISTA: Watafiti wa London walioingia majumbani waliona lawama nyingi za ndugu haziangukii sauti wala vurugu. Zinaangukia ubaridi, uchafu, kulala. Nyumba zenye lawama nyingi, mgonjwa anarudi hospitali upesi. Na mfano wa pili uko ng'ambo tu ya maji.

Anazungumzia Zanzibar, na hapa nampokonya sista maneno kwa sababu habari hii naipenda. Juli McGruder, Mmarekani mtaalamu wa tiba kwa kazi, alikaa na familia za Unguja zenye wagonjwa wa skizofrenia, na maelezo yake yamo katika kitabu cha mwaka 2004 kilichohaririwa na Janis Jenkins na Robert Barrett. Aliona nyumba ambako mgonjwa akitulia kwenye kona yake hakuna anayemsukuma wala kumtungia hotuba. Akitoka, anapewa kazi ndogo kama kawaida. Na wengi wakiamini kuna mkono wa shetani au ni mtihani wa Mungu, mgonjwa halaumiwi kwa tabia yake. Sitaki kuigeuza Unguja kuwa pepo. Upole huo unaweza pia kumwacha mtu bila dawa, na shetani kupungwa miaka mitano huku kijana akiendelea kuharibikiwa si jambo la kusifu. Lakini katika suala moja familia zile ziliwatangulia wataalamu: hazikukichukua kimya cha mtu kuwa matusi kwao.

DAKTARI: Nami nina la kutetea. Sista huniambia kila mara kwamba majina matano ni ya watafiti.

SISTA: Mimi mawili yananitosha. Wapo wasioonesha, na wapo wasioanza. Hesabu nyingi za kitakwimu zimeyagawa hivyohivyo: kuonesha hisia upande mmoja, raha na msukumo upande mwingine. Asiyeonesha namfundisha mama asimsome usoni, amuulize. Asiyeanza, namtafutia mtu wa kuanza naye.

DAKTARI: Tangu mwaka 2018 Gregory Strauss na wenzake wameonesha kwamba hayo mawili yanaficha matano yaliyo tofauti kweli. Huyu kijana ametuthibitishia: raha ya mpira anayo, msukumo wa kwenda hana. Ukiyaweka fungu moja, umempotezea kile alichobaki nacho. Isitoshe, tukitaka dawa za kutibu upungufu lazima tujue zinatibu upungufu upi. Mwaka 2017 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la kariprazini dhidi ya risperidoni kwa wagonjwa wenye dalili hasi hasa. Kariprazini ilishinda, kwa tofauti isiyo kubwa. Bila vipimo vizuri tusingeiona kabisa.

SISTA: Dawa hiyo utaniletea lini dirishani kwangu?

DAKTARI: Sina jibu. Lakini uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ule wa kumi na moja ulioanza kutumika Januari 2022, umeziondoa zile aina za zamani za skizofrenia na badala yake unakutaka useme dalili hasi zimefika kiwango gani. Utaujaza mstari huo upende usipende.

SISTA: Nitaujaza. Na pembeni nitaandika siku aliyochomwa sindano.

DAKTARI: Hilo nalikubali. Na niongeze jambo: kulikuwa na mradi ulioitwa KUPAA, wa hospitali za Muhimbili na Mbeya, uliowaketisha wagonjwa na ndugu zao pamoja na wahudumu katika kikao kimoja. Tulichofanya hapa kando ya karai ni kitu cha namna hiyo, na ndicho kilichotupa habari ya wiki ya kwanza.

MJOMBA: Basi kesho aje dukani.

KIJANA: Kongo hapana.

MJOMBA: Nina stoo Narung'ombe. Ipo ndani, haina spika. Kuhesabu majora, saa mbili tu, kisha unarudi.

KIJANA: Nani atanipitia? Mwenyewe siwezi kuondoka nyumbani.

MJOMBA: Nakupitia mimi. Saa nne.

DAKTARI: Na mimi nataka nimwone siku ya tatu baada ya sindano, tusingoje mwisho wa mwezi. Nikikuta amekakamaa tutazungumza juu ya dozi.

MAMA: Siku ya tatu inaangukia lini?

SISTA: Ijumaa hii.

MAMA: Ijumaa nina oda ya watu wa ofisini, siwezi kutoka hapa. Ataenda na mjomba wake.